Nyimbo Mbili kwa Pamoja: Kuoanisha Kasi na Kii kwa Dijei wa Dipu Hausi

Dijei aliyekulia Mombasa kwa kawaida amefunzwa kukata. Miksi za matatu za Mtwapa, harusi za Majengo, reggae za Jumapili: wimbo unaingia, ubeti mmoja na kiitikio, MC anapaza sauti, na wimbo mwingine umeshafika. Ufundi huo una heshima yake, na asiyejua kukata kwa wakati hawezi kuushika umati wa huko. Lakini katika kukata, nyimbo mbili hukutana kwa sekunde mbili tatu tu. Hata zikiwa haziivi kabisa kimuziki, hakuna anayepata nafasi ya kuudhika.

Dipu hausi, tawi tulivu la muziki wa dansi uitwao hausi, haiendi hivyo. Wimbo mmoja una dakika sita au saba, na sehemu ya mwanzo na ya mwisho mara nyingi ni ngoma tupu, zimewekwa makusudi ili dijei apate pa kushikia. Nyimbo mbili hulia pamoja dakika nzima, wakati mwingine mbili. Humo ndani kila kosa la kasi husikika, na kila noti inayogombana na nyingine husikika zaidi. Mwongozo huu ni wa dijei anayezijua mashine zake, amezoea kukata, na sasa amepewa jioni ya kupiga hausi katika mkahawa wa ufuoni Nyali, Shanzu au Diani.

Vifaa kwa ufupi

Laptopu yenye programu ya udijei inatosha. Rekordbox, Serato, Traktor na VirtualDJ ndizo zinazotajwa sana; asiye na pesa ya leseni achukue Mixxx, ambayo ni ya bure na inapima kasi na kii (noti saba za wimbo na ile unayorudi kupumzika) kama hizo nyingine. Ongeza kontrola ya chaneli mbili na hedifoni zinazoziba sikio barabara, maana upepo wa bahari na spika vitakushinda kwa zile nyepesi.

Kuhusu faili sina mzaha: usipige wimbo uliovutwa kutoka video ya mtandaoni. Kwenye simu utadanganyika, kwenye spika kubwa besi itakuumbua. Tafuta WAV au MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde, na ununue toleo refu. Toleo fupi la redio limeshanyofolewa zile ngoma tupu unazozihitaji.

Hatua ya 1: ijue kasi ya kila wimbo

Dipu hausi hukaa kati ya BPM 118 na 125, yaani biti hizo kwa dakika moja. Afro hausi iko hapo hapo. Amapiano iko chini zaidi, karibu 112 au 113, na ndiyo maana kuipandisha hadi 122 huifanya isikike kama inafukuzwa.

Programu itakupimia, ila jifunze kupima mwenyewe. Fungua saa ya simu, anza kuhesabu dundo la ngoma nzito kwa sekunde 30, na dundo la kwanza kabisa liite sifuri, wala si moja. Ukifika 61, wimbo una BPM 122. Zoezi hili linakusaidia kuishuku mashine pale inapostahili kushukiwa. Programu hukosea kwa namna mbili kubwa. Ya kwanza ni kusoma nusu au maradufu: wimbo wa 122 unaandikwa 61. Hilo unaliona mara moja. Ya pili ni mbaya zaidi kwa sababu namba iko sawa: gridi ya biti imewekwa pembeni kidogo ya dundo, au biti ya kwanza ya kipimo (kundi la biti nne) imewekwa juu ya biti ya pili. Kuza picha ya wimbo kwenye skrini, angalia kama mstari wa gridi unagusa pale dundo linapoanza, kisha ruka hadi dakika ya tano uangalie tena. Kama mwanzo umekaa na mwisho umehama, namba ina desimali isiyo sahihi.

Halafu hesabu ya asilimia, kwa sababu kitelezi cha kasi kinaongea asilimia. Kutoka 120 kwenda 123 ni biti 3 juu ya 120, yaani asilimia 2.5. Ile Technics SL-1200MK2 ya mwaka 1979, ambayo mashine nyingi za leo zimeiga, ilikuwa na nafasi ya asilimia 8 kila upande. Kontrola yako huenda ikakuruhusu zaidi, ipunguze. Nafasi ikiwa ndogo, kitelezi kinasogea kwa hatua ndogo, na mkono wako unapata usahihi.

Hatua ya 2: oanisha kwa sikio

Wimbo wa kwanza unalia kwenye spika. Wa pili uko kwenye hedifoni, sikio moja ndani, jingine nje. Weka alama ya kyu, yaani mahali pa kuanzia, juu ya dundo la kwanza la wimbo wa pili. Hesabu moja, mbili, tatu, nne ya wimbo unaolia, na inapofika moja, uachie.

Sasa sikiliza nani yuko mbele. Kama wa pili unachelewa, usukume kidogo kwa sahani, lile gurudumu la kontrola. Kama umetangulia, uzuie. Ukikaa, subiri. Hapa ndipo wanafunzi wengi hukwama, kwa kuwa wanachanganya mambo mawili: mahali na mwendo. Sahani hurekebisha mahali wimbo ulipo kwa sasa hivi. Kitelezi hurekebisha mwendo wake. Kama umeusukuma ukakaa, na baada ya biti 16 umeachana tena upande ule ule, shida ni ya mwendo. Acha sahani, gusa kitelezi. Usipotenganisha hayo mawili utashinda usiku kucha ukisukuma.

Sikiliza makofi na haihati (matoazi madogo), si dundo. Sauti za juu ni fupi na kali, zinapoachana unazisikia mapema. Madundo mawili yanayokaribiana hufichana kwanza, kisha huanza kusikika kama farasi.

Ukaribu unaotakiwa ni upi? Chukua nyimbo mbili, moja 122 kamili, nyingine 122.1. Kwa dakika moja zitakuwa zimeachana kwa sehemu moja ya kumi ya biti, karibu milisekunde 49. Hiyo inatosha mtu aliye sakafuni kuhisi kuna kitu kimelegea, hata kama hajui ni nini. Katika kukata, tofauti hiyo ni kama haipo. Katika mchanganyiko wa dakika mbili, ni lazima uishughulikie njiani, kwa kugusa kidogo na mapema.

Na hapa kuna jambo la watu wa pwani hasa. Kwenye joto la nyuzi 30 sauti husafiri takriban mita 349 kwa sekunde. Ukiwekwa chini ya mnazi na spika kubwa ziko mita 15 mbele yako, sauti inakufikia imechelewa milisekunde 43 hivi. Hedifoni haichelewi. Ukioanisha hedifoni na kile unachosikia kutoka spika za mbali, umeziachanisha nyimbo kwa mikono yako mwenyewe. Omba spika ndogo karibu na meza yako. Ikiwa haipo, leta nyimbo zote mbili ndani ya hedifoni kwa kitufe cha kuchanganya kyu, na uoanishe humo humo bila kujali unachosikia nje.

Kuna kitufe cha SYNC kinachooanisha chenyewe, najua. Kitumie bila haya. Lakini kinafuata gridi, na gridi umeona inavyokosea, na kuna muziki usio na gridi kabisa, ambao nitaufikia. Dijei anayeweza kuoanisha kwa sikio anapobonyeza SYNC anajua imefanya kazi au haikufanya.

Hatua ya 3: ingia pale wimbo unapoanza sentensi

Hausi imejengwa kwa vipimo vya biti nne, na vipimo vinane, yaani biti 32, hufanya sentensi moja. Kwa kasi ya 122 hiyo ni karibu sekunde 16. Kila baada ya sentensi kitu hubadilika: besi inaingia, makofi yanatoka, kordi zinajitokeza. Anzisha wimbo wa pili mwanzoni mwa sentensi ya wimbo wa kwanza, na mabadiliko yao yataangukia mahali pamoja bila wewe kufanya lolote. Ukianza katikati, hata kasi na kii vikiwa sawa kabisa, nyimbo zitakatizana maneno.

Hatua ya 4: kii, kwa njia ya do-re-mi

Waliopita kwenye kwaya wana faida hapa. Mwalimu anaposema «do ni C», ametaja kii: C meja, noti saba, na nyumbani ni do. Sasa chukua noti zile zile saba, lakini wimbo uwe unarudi kupumzika kwenye la badala ya do. Hiyo ni A maina. Noti hazikubadilika, nyumbani pamebadilika, na hisia imehama kutoka kwenye uchangamfu kwenda kwenye utulivu wenye huzuni kidogo. Nyimbo nyingi za dipu hausi ziko maina.

Ili usihitaji kukumbuka majina ya kii, kampuni ya Mixed In Key ilieneza gurudumu la Camelot: namba 1 hadi 12 kama uso wa saa, herufi A kwa maina, herufi B kwa meja. A maina ni 8A, na C meja yenye noti zile zile ni 8B. Jirani zake ni 7A, ambayo ni D maina, na 9A, ambayo ni E maina. Kila hatua moja kuzunguka gurudumu hubadilisha noti moja tu kati ya saba. Kutoka 8A kwenda 9A, F inageuka F kali. Kutoka 8A kwenda 7A, B inashuka nusu-toni, yaani kibonye kimoja cha kinanda. Zilizobaki sita ni za pamoja, na ndiyo sababu majirani husikilizana.

Basi ukiwa 8A, salama yako ni 8A, 7A, 9A na 8B. Kuruka namba mbili, 8A hadi 10A, hupandisha moyo wa wimbo kwa toni nzima. Noti tano bado ni za pamoja, ila fanya mchanganyiko uwe mfupi, na ngoma ziongoze. Kupanda nusu-toni, 8A hadi 3A, hubakiza noti mbili tu za pamoja. Huo ni wa kukata, wala usijaribu kuulaza.

Kuna sababu ya ziada kwa nini dipu hausi inasamehe kuliko muziki mwingine. Tangu Larry Heard na wenzake wa Chicago walipoanza kuutengeneza katikati ya miaka ya 1980, muziki huu umependa kordi nene zenye ladha ya jazi. Kordi ya A maina yenye noti tano ina A, C, E, G na B. Itazame vizuri: tatu za mwisho, E, G na B, ndizo kordi ya E maina. Yaani wimbo wako wa 8A umeshaitaja 9A kabla hujaupachika wimbo wa 9A. Unapousikia mchanganyiko huo ukiteleza bila mshono, ujue kazi kubwa ilifanywa na mtunzi.

Traktor huandika kwa mtindo wake: A maina kwake ni 1m, C meja ni 1d. Ukitoa 7 kwenye namba ya Camelot unapata ya Traktor. Ikiwa namba ni 7 au chini yake, ongeza 12 kwanza. Usichanganye mitindo miwili kwenye maktaba moja.

Na tena, mashine hukosea. Kosa lake la kawaida ni kutaja jirani, au kutaja meja mahali pa maina. Pakua kinanda cha bure kwenye simu, cheza wimbo, na utafute kwa kidole noti moja ya chini ambayo besi inarudi kupumzika. Ukiipata, hapo ndipo nyumbani. Kwa nyimbo zako zile unazozitegemea kila wiki, fanya hivi kwa kila mmoja na uandike namba yako mwenyewe kwenye maelezo ya wimbo.

Hatua ya 5: kumbuka kasi huivuta kii

Ukiharakisha wimbo bila kinga, sauti nayo hupanda. Asilimia 6, karibu kabisa, ni nusu-toni nzima. Wimbo wa 118 ukipelekwa 125 umepanda asilimia 5.9, na kama ulikuwa 8A sasa unalia 3A. Skrini huenda bado inakuambia 8A.

Mahali pabaya zaidi ni katikati. Asilimia 3 hukuacha nusu ya nusu-toni: huko hauko 8A wala 3A, uko kwenye ufa kati ya vibonye vya kinanda, na wimbo wowote utakaouweka pembeni yake utasikika kama kinubi kilicholegea nyuzi. Kinga inaitwa KEY LOCK kwenye programu nyingine na MASTER TEMPO kwenye nyingine. Ikiwa imewashwa, kasi inabadilika na sauti inabaki.

Kinga hiyo ina gharama. Mashine inakatakata sauti na kuiunganisha upya, kwa hiyo ukivuta mbali dundo hupoteza ngumi yake na sauti ya mwimbaji huanza kuwa na majimaji. Mimi huizima nikiwa ndani ya asilimia 1, maana kuhama huko hakuna anayekusikia. Huiwasha kuanzia hapo hadi asilimia 4 au 5. Kupita hapo sibishani na wimbo, natafuta mwingine.

Hatua ya 6: besi moja tu

Ukisoma hatua moja tu ya mwongozo huu, iwe hii. Ugomvi wa kii hausikiki sana kwenye haihati wala kwenye mvumo wa kinanda; unasikika kwenye besi na kwenye sauti ya mwimbaji. Besi mbili kwa pamoja ni matope hata kama kii ni ile ile, kwa sababu mawimbi yao hujumlishana na kupunguzana ovyo.

Kwa hiyo wimbo wa pili uingie ukiwa umefungwa besi kwenye EQ (vitufe vya sauti za chini, kati na juu), chini kabisa. Pandisha kitelezi cha sauti polepole kwa sentensi nzima. Acha nyimbo zikae pamoja hivyo, ngoma za juu za wa pili juu ya besi ya wa kwanza, sentensi moja au mbili. Kisha, kwenye biti ya kwanza ya sentensi mpya, badilisha: besi ya wa kwanza ifungwe, ya wa pili ifunguliwe, mikono miwili kwa wakati mmoja. Watu watauhisi wimbo mpya hapo, ingawa umekuwepo kwa zaidi ya nusu dakika. Baada ya hapo mtoe wa kwanza bila haraka, ukianza na sauti za kati, maana ndiko kordi zilipo.

Kii zikikataa kabisa na wimbo unautaka, chukua ngoma tupu za wimbo wa kwanza, zifunge kwenye lupu (kipande kinachojirudia) ya vipimo vinane, na umlete mgeni juu yake. Ngoma hazina ugomvi mkubwa na kii yoyote. Na waimbaji wawili wasiimbe pamoja, kamwe. Hiyo haihitaji nadharia.

Kupanga jioni

Jua letu halizami baharini, huzama nyuma yetu upande wa bara, na kabla ya saa moja giza limeingia. Kwa hiyo jioni ya ufuoni ina mlango mfupi. Anza 118 au 119, na kila baada ya nyimbo mbili uongeze nusu biti. Kwa saa mbili utafika 123 bila mtu kuhisi umeharakisha. Kwa kii, mfano: 8A, 8A, 9A, 9B, 10B, 10A, kisha ruka hadi 12A chumba kikiwa kimeamka.

Lakini usilitii gurudumu kupita kiasi. Dijei anayechagua wimbo kwa namba tu huishia na saa mbili za rangi moja, laini, na watu wameanza kutazama simu. Ukiona kuna wimbo unaofaa saa hiyo na namba yake haiko jirani, upige, kwa lupu ya ngoma au kwa kunyamazisha na kuanza upya.

Ukitaka kuleta chakacha na taarabu

Hapa ndipo dijei wa Mombasa ana kitu ambacho wa Berlin hana. Chakacha huenda kwa sita kwa nane: mapigo makuu mawili kwa kipimo, kila moja likigawanyika tatu. Oanisha pigo kuu la chakacha na dundo la hausi, na kila dundo litabeba vipigo vitatu vidogo. Usilinganishe vile vidogo na haihati ya hausi. Havitakubali, na mvutano huo wa tatu juu ya mbili ndio utamu wenyewe.

Rekodi za zamani zina taabu mbili. Wapigaji walikuwa watu, kasi inapumua, na kanda nayo ilivuta au kulegea, kwa hiyo SYNC haina la kufanya. Kata kipande cha vipimo vinne au vinane kilichotulia, kifanye lupu, na ukishike kwa sahani. Taabu ya pili ni kii. Tashkota (ala ya nyuzi yenye vibonye) na ud hazikufuata kinanda chako, na mahali nyimbo zilipofuata makamu, yaani ngazi za noti, za Kiarabu kuna noti zinazokaa katikati ya vibonye. Programu itakupa namba ya Camelot hata hivyo, kwa ujasiri. Ipuuze. Weka kipande hicho juu ya ngoma tupu na besi ya noti moja, kisha sogeza sauti yake kidogo kidogo kwa sikio hadi noti ya kupumzikia ikae juu ya besi. Kordi nene zisubiri mpaka kipande kimetoka.

Rekodi kila unachopiga, usikilize siku ya pili kwenye spika tofauti, si hedifoni zile zile. Andika dakika ambapo sikio lilikunja uso. Ukikuta madundo yameachana polepole, rudi kwenye kitelezi. Ukikuta matope, ni besi. Ukikuta nyimbo zinakatizana ilhali kasi iko sawa, angalia ulianzia biti ya ngapi ya sentensi kabla hujailaumu kii.